Unyevu usile nguvu ya mkonge: kukausha, kufunga na kupima mabamba ya singa na resini

Bamba la singa za mkonge na resini ya poliesta lililo imara wakati wa kiangazi linaweza kuanza kulegea, kupinda na kuota ukungu kwenye kingo masika yakishika. Wengi hulaumu resini. Mara nyingi resini haina kosa: maji yameingia kupitia singa, au yalikuwa humo tangu siku bamba lilipomwagwa. Mwongozo huu ni wa kompositi za mkonge, yaani singa zilizoshikanishwa kwa resini, zinazotengenezwa kwa mkono, kwa vitu kama paneli za milango, dari, viti, trei na vifuniko vya ndani ya magari. Kwa juti, nyuzi za makumbi ya nazi au za mgomba, kazi ni ile ile. Vipimo vya uzito ndivyo vitakavyobadilika.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Watu hukimbilia dawa za kutibu singa kabla hawajajifunza kuzikausha na kufunga kingo zilizokatwa. Kukausha na kufunga kingo ndiko kunakookoa mabamba mengi, na gharama yake ni ndogo.

Maji yanaingiaje, na yanaharibu nini

Theluthi mbili hadi robo tatu ya singa ya mkonge ni selulosi. Sehemu iliyobaki ni hemiselulosi, lignini na nta kidogo. Selulosi na hemiselulosi zimejaa vikundi vya haidroksili vinavyovuta molekuli za maji na kuzishika. Hemiselulosi hunywa zaidi kwa sababu molekuli zake hazikujipanga kwa mpangilio wa fuwele, kwa hiyo maji hupenya kirahisi. Unyevuanga ukiwa asilimia 65, singa iliyoachwa wazi hutulia na maji ya karibu asilimia 11 ya uzito wake mkavu. Tanga, Mombasa na Zanzibar, ambako hewa huwa na unyevu kuliko huo kwa sehemu kubwa ya mwaka, singa hubeba zaidi. Ukiishika kwa mkono utaapa kwamba ni kavu.

Ndani ya kompositi maji hupita njia tatu. Huenea polepole kupitia resini yenyewe, hutambaa kwenye mpaka ambapo singa na resini zinakutana, na huingia kwenye nyufa na mapovu. Poliesta peke yake, ikiganda vizuri, hunywa karibu asilimia 1 au chini ya hapo. Kwa hiyo bamba likiongezeka uzito kwa asilimia 6 au 8 baada ya kuloweka, karibu maji yote hayo yako kwenye singa na kwenye mianya.

Singa iliyokunywa huvimba kwa upana, kwa urefu karibu haibadiliki. Ikivimba huisukuma resini iliyoizunguka, na resini, kwa kuwa ni ngumu na haitaniki, hupasuka nyufa ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Nyufa hizo huruhusu maji zaidi. Wakati huo huo maji huyeyusha vitu vidogo vilivyobaki juu ya singa na kuvitoa nje, na mshikano wa singa na resini huachia. Halafu jua linawaka, singa inasinyaa, na pale ilipokuwa imeshikana na resini panabaki uwazi. Mvua inayofuata inakuta mfereji tayari. Ndiyo maana kulowa na kukauka kwa zamu huumiza bamba kuliko kukaa na unyevu uleule muda mrefu.

Kinachoshuka kwanza ni ukakamavu, yaani bamba linapinda zaidi kwa mzigo uleule. Nguvu ya kuvunjika hufuata. Mtu asidanganyike na jambo moja: siku za mwanzo za kuloweka, nguvu wakati mwingine hupanda kidogo, kwa sababu singa iliyovimba imebana zaidi ndani ya resini. Ukipima siku hiyo na kuishia hapo, utatangaza kwamba bamba lako halidhuriwi na maji.

Hesabu kabla ya kuchanganya chochote

Tuchukue bamba la majaribio la mm 300 kwa 300, unene mm 4. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 360. Tukitaka singa zichukue asilimia 20 ya ujazo, ni sentimita za ujazo 72. Msongamano wa singa ni takriban gramu 1.45 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo tunahitaji gramu 104 za singa kavu. Resini itajaza sentimita za ujazo 288 zilizobaki, na ikiganda huwa na takriban gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, yaani gramu 346. Pima gramu 390 ili kufidia itakayomwagika pembeni na kubaki kwenye kopo.

Sasa tazama maji. Gramu 104 za singa zikiwa na unyevu wa asilimia 12 zinabeba gramu 12.5 za maji. Hicho ni karibu kijiko kimoja kikubwa cha maji unachokifungia ndani ya bamba dogo. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye nyuzijoto 100 hujaza takriban lita 1.7. Poliesta hujipasha moto yenyewe inapoganda, na ukilipeleka bamba kwenye oveni likomae, mvuke huo utatafuta pa kwenda. Utauona kama mapovu yaliyojipanga kando ya singa.

Kuosha kwa kostiki

Kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, huondoa nta, sehemu ya hemiselulosi na sehemu ya lignini. Singa hubaki na uso wenye mikwaruzo ambao resini huushika vizuri, na hunywa maji machache kuliko mwanzo. Lakini kuna kiasi. Tumia asilimia 5, saa 2, kwenye joto la kawaida la chumbani. Ukizidisha nguvu ya kostiki au ukiziacha usiku kucha, selulosi yenyewe huanza kuumia na singa hukatika kirahisi.

Anza na gramu 130 za singa, kwa sababu utapoteza uzito kidogo wakati wa kuosha na nyingine wakati wa kukata. Ukiweza kuchagua, chukua daraja la 3L badala ya UG, maana UG, daraja la chini, huja na mabaki mengi ya jani ambayo korona (mashine ya kuchakata mkonge) haikuyatoa, na mabaki hayo hunywa maji kama sponji. Zichane kwanza, kisha zioshe kwa maji ya kawaida.

Weka lita 2.5 za maji kwenye ndoo ya plastiki, kisha tia gramu 130 za kostiki kidogo kidogo ukikoroga. Kostiki ndiyo iingie kwenye maji, si maji kumwagwa juu ya kostiki. Joto lake hurusha matone machoni. Vaa glavu ndefu na miwani ya kazi. Sufuria ya alumini haifai kabisa, kostiki huila na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Zamisha singa, zigeuze kila baada ya nusu saa. Maji yatageuka njano iliyokolea au kahawia, na hiyo ni dalili nzuri.

Baada ya saa 2 suuza mara nne au tano. Kisha zitumbukize dakika 10 kwenye siki nyeupe iliyozimuliwa: mililita 200 za siki ya asilimia 5 kwa mililita 800 za maji, na uandae ya kutosha kuzifunika singa. Suuza tena mpaka karatasi ya litmasi isionyeshe kostiki wala asidi. Hatua hii hurukwa mara nyingi, na matokeo yake huonekana baadaye: kostiki iliyobaki kwenye singa hushambulia poliesta kutoka ndani kila bamba linapolowa.

Kukausha

Anika singa kwenye kamba, zikiwa zimetandazwa, siku nzima ya jua. Hapo zimefika unyevu wa hewa ya mahali ulipo tu. Sasa zikate vipande vya mm 30 hadi 50, zitie kwenye trei, na uziweke kwenye oveni ya nyuzijoto 80. Usiende kwa saa, nenda kwa mizani. Pima kila baada ya saa 2. Vipimo viwili vikifuatana bila kutofautiana zaidi ya gramu 0.2 kwa kila gramu 100, zimekauka. Huchukua saa 6 na kuendelea, kutegemea umezirundika kiasi gani.

Ukitaka kujua zilikuwa na unyevu kiasi gani, chukua gramu 10 pembeni, zikaushe kwenye nyuzijoto 105 mpaka uzito utulie, kisha gawanya uzito uliopotea kwa uzito mkavu na uzidishe kwa 100. Zikitoka gramu 8.9, unyevu ulikuwa gramu 1.1 juu ya 8.9, yaani asilimia 12.4. Fanya hivyo mara moja masika na mara moja kiangazi, utajua hali ya ghala lako.

Asiye na oveni atumie kikaushio cha jua: kasha lililopakwa rangi nyeusi ndani, kioo juu, matundu ya hewa chini na juu. Hakitafika nyuzijoto 80, kwa hiyo malizia kwa kuzifungia singa siku mbili kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) iliyokaushwa upya.

Zikishakauka, zitie zikiwa bado na joto ndani ya mfuko mzito wa plastiki, zifunge, na usizifungue mpaka resini iwe tayari. Singa ni nyembamba, na kwenye hewa ya pwani hurudisha sehemu kubwa ya maji yake ndani ya saa chache tu. Kukausha usiku na kumwaga kesho yake mchana, singa zikiwa zimelala mezani, ni kupoteza umeme.

Kumwaga bamba

Andaa bamba mbili za chuma au plaiwudi ya mm 18 iliyopakwa varnishi, zipake nta ya kalibu mara tatu ukisugua kila mara, na uweke vipande vya chuma vya mm 4 pembeni ili unene usipungue wala kuzidi. Resini nyingi za dukani huwa zimekwishatiwa kobalti (kichapuzi cha kuganda), unaitambua kwa rangi inayoelekea waridi au zambarau. Ongeza hadna (kigandishi) ya MEKP asilimia 1 hadi 1.5: kwa gramu 390 za resini, gramu 4 hadi 6. Kukiwa na joto la nyuzi 30, anza na asilimia 1. Ikiwa unanunua kobalti kando, ichanganye na resini kwanza mpaka ipotee kabisa, ndipo utie hadna. Kobalti na MEKP zikikutana zenyewe zinaweza kuwaka au kulipuka. Fanya kazi mahali penye upepo, mbali na moto.

Mwaga theluthi ya resini kwenye kalibu, tandaza nusu ya singa, gandamiza kwa rola mpaka zibadilike rangi na kuwa kama zimelowa mafuta. Singa zinazobaki nyeupe hazijapata resini. Rudia, malizia na resini, funika na bamba la juu na ukaze klampu polepole, ukizunguka kona moja baada ya nyingine, mpaka liguse vile vipande vya mm 4. Kukaza haraka hufungia hewa katikati. Acha saa 24, kisha likomaze saa 3 kwenye nyuzijoto 80, kwenye oveni isiyotumika kupikia.

Kingo

Uso wa bamba una ngozi ya resini. Ukingo uliokatwa kwa msumeno hauna. Ncha za singa ziko wazi, na kila singa ina matundu membamba kwa urefu wake yanayonyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Tundu la skrubu nalo ni ukingo. Kila palipokatwa au kutobolewa, piga msasa namba 120, futa vumbi, kausha bamba saa kadhaa kwenye nyuzijoto 50, kisha paka epoksi mara mbili kwa brashi. Mkono wa kwanza utanyonywa na kupotea, ndiyo maana wa pili ni wa lazima. Epoksi hushikana na singa vizuri kuliko poliesta.

Tobo za skrubu zitobolewe kubwa kidogo, zijazwe epoksi, kisha zitobolewe upya katikati. Na kama upande mmoja wa bamba umepakwa rangi au jelkoti (resini ya kufunika uso) na wa pili umeachwa, bamba litajikunja, kwa sababu upande mmoja unavimba na mwingine haujajua. Paka pande zote mbili kwa unene unaolingana.

Kwa kazi inayokaa nje, njia iliyo bora ni kuweka tabaka moja la faibaglasi juu na moja chini, singa zikabaki katikati. Gharama hupanda kidogo, maji yanayoingia hupungua sana, na tabaka za nje ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya mzigo wa kupinda.

Kupima maji yanayoingia

Punguza mm 20 kila upande wa bamba, ubaki na mm 260 kwa 260. Kata vipande vya mm 80 kwa 15. Kwa msumeno wa upana wa mm 2 utapata safu 3 za vipande 15, jumla 45. Andika namba kwenye kila kimoja kwa kalamu isiyofutika, kisha vichanganye na uvigawe kwa kura: 10 vya kupimwa vikikavu, 10 vya kupimwa vimelowa, 10 vya kulowa na kukaushwa tena, 5 vya kupima maji vikiwa vimefungwa kingo, 5 bila kufungwa, na 5 vya akiba. Kura si urembo. Upande mmoja wa bamba huwa na singa nyingi kuliko mwingine, na usipochanganya utakuwa unapima tofauti ya mkono wako, si athari ya maji.

Vile 20 vya kupimwa vimelowa na vya kukaushwa tena vitayarishwe kama bidhaa itakavyokuwa: kama bidhaa itafungwa kingo, navyo vifungwe.

Mizani iwe ya gramu 0.01, kama ile ya sonara. Kipande kimoja kina takriban gramu 6, kwa hiyo asilimia 1 ya maji ni gramu 0.06, mizani ya jikoni haioni kitu hapo. Vikaushe vyote saa 24 kwenye nyuzijoto 50, vipoe ndani ya chombo chenye silika jeli, upime uzito, upana na unene. Kisha vizamishe kwenye maji safi. Maji ya betri, yale yasiyo na asidi, yanafaa. Vipande visigusane wala visilale chini ya chombo.

Pima baada ya saa 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, na kuendelea. Namba hizo zina sababu: maji huingia kwa kufuata kipeuo cha pili cha muda, na saa hizi vipeuo vyake ni 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, hivyo nukta zako zitakaa kwa nafasi sawa kwenye grafu. Usiku ukikukosesha kipimo kimoja, si neno. Kila mara toa kipande, kifute kwa kitambaa mpaka kisiwe na tone, kipime ndani ya dakika moja, kirudishe. Baada ya wiki ya kwanza pima mara mbili kwa wiki. Ongezeko la wiki 2 likiwa chini ya asilimia 1 ya maji yote yaliyokwishaingia, kimeshiba.

Grafu itaanza kama mstari ulionyooka, kisha itapinda na kulala. Mfano wa hesabu: kipande cha mm 4 kimebeba asilimia 2 kwenye saa 4 na asilimia 4 kwenye saa 16, na mwisho kimeshiba kwa asilimia 10. Mwinuko ni (4 − 2) ÷ (4 − 2), yaani asilimia 1 kwa kila kipeuo cha saa. Kasi ya kuenea kwa maji ni π × (unene × mwinuko ÷ (4 × ushibaji))², ambayo hapa ni π × (4 × 1 ÷ 40)² = mm² 0.031 kwa saa. Fomula hii inachukulia kwamba maji yanaingia kupitia nyuso mbili kubwa tu, kwa hiyo tumia namba za vile vipande 5 vilivyofungwa kingo.

Namba hiyo ina faida ya moja kwa moja. Bamba hilo litakaribia kushiba kwa siku 10 au 11 ndani ya maji. Likiwa na unene wa mm 8, muda ni mara nne, si mara mbili, kwa sababu muda huenda na mraba wa unene. Usijaribu kuharakisha kwa maji ya moto. Joto hubadilisha namna poliesta inavyoharibika, na utapima uharibifu ambao bamba lako halitaupata kamwe.

Ile asilimia 10 nayo ina jambo la kusema. Bamba letu lina singa takriban asilimia 23 kwa uzito. Kuta za nyuzi za mimea, kama ilivyo kwa mbao, hushiba kwenye karibu asilimia 30. Asilimia 30 ya 23 ni karibu 7. Kwa hiyo ukipita 7, maji yaliyozidi yamekaa kwenye mapovu, kwenye mianya ya mpakani na ndani ya matundu ya singa. Hapo hitilafu iko kwenye umwagaji wako.

Kwa bidhaa za ndani ya nyumba, kuzamisha kwenye maji ni ukatili usiohitajika. Chukua ndoo yenye mfuniko unaobana, weka chini yake chumvi ya mezani iliyoloweshwa mpaka iwe kama uji mzito, na uning'inize vipande juu yake bila kuigusa. Hewa ndani ya ndoo itatulia kwenye unyevuanga wa karibu asilimia 75, ambao ni hali halisi ya pwani.

Kupima nguvu kwa ndoo

Mashine ya kupimia ikiwepo, itumie. Isipokuwepo, nondo laini mbili za mm 10 ziwekwe sambamba, katikati ya moja hadi katikati ya nyingine mm 64, ambayo ni mara 16 ya unene. Kipande kilale juu yake, nondo ya tatu ipite juu katikati, na kamba ishuke kushika ndoo ya lita 20 iliyo sentimita 5 kutoka sakafuni. Vaa miwani.

Ning'iniza kwanza kilo 5 na usome kwa dayal geji (kipimo cha mshale cha sehemu za milimita) kipande kimepinda milimita ngapi. Kisha mimina maji kwa mpira, kama lita 5 kwa dakika, mpaka kivunjike. Pima uzito wa ndoo na kila kilichoning'inia. Nguvu ya kupinda ni 3 × F × 64 ÷ (2 × upana × unene²), F ikiwa ni kilo zidisha kwa 9.81. Jibu ni megapaskali.

Tuseme kipande kikavu kimevunjika kwa kilo 15.3: F ni 150, na nguvu ni megapaskali 60. Kilicholowa kimevunjika kwa kilo 11.2, yaani megapaskali 44. Kilicholoweshwa kikakaushwa tena kimefika kilo 13.5, yaani 53. Tumepoteza 16 kwa kulowa. 9 zimerudi kwa kukauka, kwa hiyo hizo zilikuwa ulaini wa muda tu. Zile 7 hazirudi. Hizo ndizo singa zilizoachia resini na nyufa zilizobaki. Bila kundi la tatu usingeweza kutenganisha mambo hayo mawili, na tiba zake ni tofauti: ulaini wa muda hupunguzwa kwa kuzuia maji yasiingie, uharibifu wa kudumu hupunguzwa kwa mshikano bora wa singa na resini.

Tumia vipimo vya unene vya kipande kikiwa kikavu kwa makundi yote, na uandike kwamba umefanya hivyo. Kipande cha mm 4.0 kikivimba hadi 4.2, mraba wa unene huongezeka kwa asilimia 10, na namba ya nguvu itaonekana kushuka zaidi ya ilivyoshuka. Vilivyolowa vipimwe ndani ya dakika chache baada ya kutolewa majini.

Dalili na chanzo chake

Uso wa juu ukinata siku ya pili, pengine ni hewa tu: poliesta inayogusana na oksijeni huchelewa kuganda. Lakini ukikata bamba na kukuta ulaini ndani, kando ya singa, singa zilikuwa na maji au hadna haikuchanganywa sawasawa.

Mistari myeupe inayofuata singa baada ya kuloweka ni mshikano ulioachia. Ikitokea ndani ya siku ya kwanza, rudi kwenye kuosha na kukausha. Ikitokea baada ya wiki kadhaa na kwenye kingo tu, rudi kwenye kufunga kingo. Gonga bamba kwa sarafu: palipoachia hutoa mlio mzito uliokufa.

Grafu ikipanda, ikafika juu, kisha ikaanza kushuka huku kipande kikiwa bado majini, maji yanayeyusha kitu na kukitoa nje. Hakikisha kwa kukausha kipande hicho mpaka uzito utulie. Ukiwa chini ya uzito wa mwanzo, ulichopoteza kimetoka ndani ya bamba, na huenda singa hazikusuuzwa vya kutosha au resini haikukomaa. Grafu isiyolala kabisa, inayozidi kupanda wiki baada ya wiki, ni nyufa zinazoendelea kufunguka.

Vipande vya kundi moja vikitofautiana mno, kwa mfano 40 na 65 megapaskali, usichukue wastani na kuendelea. Tazama pale vilipovunjika. Singa zilizong'oka nzima nzima na kuacha matundu safi zinaonyesha mshikano dhaifu. Singa zilizokatika karibu na mvunjiko zinaonyesha mshikano mzuri. Povu kubwa mahali pa mvunjiko linaonyesha umwagaji.

Ukipanga unene wa bidhaa, tumia namba ya kilicholowa, na kwa kitu kinachopinda, kama kikalio cha kiti au rafu, angalia ukakamavu kabla ya nguvu. Kilo 5 zilizopinda kipande kikavu mm 0.8 na kilicholowa mm 1.3 zinakuambia ukakamavu uliobaki ni kama asilimia 62, wakati nguvu iliyobaki ni asilimia 73. Kwa kupinda, ukakamavu wa bamba hufuata unene³ (unene × unene × unene), kwa hiyo kuongeza unene kutoka mm 4 hadi 4.7 kunarudisha ukakamavu wote uliopotea. Sehemu ya mtumbwi au boti iliyo chini ya maji, tangi la maji, na kitu chochote ambacho kikivunjika mtu ataumia, visitengenezwe kwa mkonge na poliesta peke yake. Huko faibaglasi ibaki mahali pake.